Baba mkubwa alipelekwa kwenye upasuaji wa kusisimua ubongo, mama anaambiwa asubiri: ni ugonjwa unaotofautiana au ni sisi?

Kitindamimba (Moshi) anauliza:

Wanajukwaa, naomba mnisome kwa subira, kwa kuwa swali langu ni refu na limechanganya mambo ya tiba na mambo ya nyumbani.

Katika ukoo wetu kuna wagonjwa wawili wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na kuwa mzito. Wa kwanza ni baba mkubwa, mwenye umri wa miaka 66, ambaye mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka miaka minane iliyopita. Wa pili ni mama yangu mzazi, mwenye miaka 63, ambaye ugonjwa wake sasa umeingia mwaka wa kumi. Hawana uhusiano wa damu, kwa hiyo sizungumzii urithi. Miaka miwili iliyopita baba mkubwa alipelekwa India, akatobolewa fuvu, akawekewa nyaya mbili ndani ya ubongo na betri chini ya mtulinga, na leo anakunywa chai kwa kikombe kilichojaa bila kumwaga. Kikao cha ukoo kilichoamua safari yake kilimalizika jioni moja. Ng'ombe wawili waliuzwa, kipande cha shamba la tambarare kikawekwa rehani, mwanawe mmoja akaomba likizo ya mwezi mzima ili amsindikize, na hakuna aliyeuliza kama kweli kuna haja.

Mama yangu anameza levodopa, dawa ya Parkinson, mara sita kwa siku. Dawa ikikata, anaganda kama mlango uliovimba kwa mvua. Ikipanda, mwili unajinyonganyonga wenyewe kiasi kwamba ameacha kwenda kanisani kwa kuona aibu. Kwa jinsi ninavyoona mimi, ambaye naishi naye, hali yake ni mbaya kuliko ilivyokuwa hali ya baba mkubwa siku alipopanda ndege. Nilipolipeleka jambo hili kwenye kikao, niliambiwa kwamba mama ni mwoga, kwamba kupasuliwa kichwa hakumfai mwanamke wa umri wake, na kwamba bado anajimudu kwa sababu bado anapika. Mama mwenyewe alipoulizwa, alijibu kwa kuuliza ni nani atakayebaki na wajukuu na kuku wake. Wazee wakaona wamekwisha kujibiwa, wakahamia ajenda nyingine.

Hospitali tuliyokwenda mwaka jana, ambayo sitaitaja, haikutusaidia sana. Daktari alimweleza kaka yangu kila kitu, huku mama ameketi katikati yetu kama mzigo unaosubiri kupakiwa. Alisema upasuaji huo upo, ila kwa mama tuendelee kwanza na dawa. Hakueleza "kwanza" hiyo itakwisha lini, wala hakumpima chochote zaidi ya shinikizo la damu.

Naomba kujua: je, kuna sababu ya kitabibu inayofanya upasuaji huu uwafae wanaume zaidi kuliko wanawake? Na kama haipo, je, haya yametokea kwetu tu kwa sababu ya mila zetu, au yanatokea hata kwa wenzetu wenye bima na hospitali kubwa?

---

Mnyoosha Viungo (Hai) anajibu:

Dada Kitindamimba, pole kwa mzigo huo, na umfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, si daktari wa ubongo, kwa hiyo nitagusa pale ninapopafahamu.

Hapa kwetu wilayani Hai palifanyika uchunguzi ambao hadi leo hutajwa kila panapozungumzwa Parkinson barani Afrika. Watafiti hawakungoja wagonjwa waje hospitali. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000, kisha waliotiliwa shaka wakachunguzwa na madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipatikana wagonjwa 33, na baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, kiwango kilikuwa 64 kwa kila wanaume 100,000 na 20 kwa kila wanawake 100,000. Kwa hiyo ni kweli kwamba wanaume wanaugua zaidi, na si hapa tu, ingawa katika nchi nyingine pengo hilo ni dogo kuliko la kwetu. Lakini jambo lililonikaa moyoni katika uchunguzi ule ni jingine: asilimia 78 ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Mtu ambaye ugonjwa wake hauna hata jina atapewaje rufaa?

Nimewahudumia wagonjwa kwa miaka mingi, na nimeona namna ugonjwa unavyojificha kwa wanawake. Mwanamume mkono ukimtetemeka akiwa ameshika bilauri kwenye mkutano wa kijiji, watu wote wanaona, na siku hiyo hiyo mtu atamshauri aende hospitali. Mwanamke anapoanza kuwa mzito, kazi zake zinachukuliwa kimyakimya na mkwe au binti, moja baada ya nyingine, na kwa kuwa chakula kinaendelea kupatikana mezani hakuna anayejua kwamba aliyekipika si yeye. Ndiyo maana hayo maneno ya kwamba bado anapika hayaniridhishi hata kidogo. Mwulize mama zamani alimenya ndizi za mtori kwa muda gani, na sasa anazimenya kwa muda gani, na ni nani anayeinua sufuria. Ukipata majibu hayo, yaandike. Yana uzito mbele ya daktari kuliko neno "anajimudu".

---

Hesabu Kwanza (Dodoma) anajibu:

Kwa heshima zote, nadhani tunalitafutia jambo hili sababu za mbali. Kama wanaume wanaougua ni wengi kuliko wanawake, basi ni lazima watakaokutwa kwenye meza ya upasuaji wawe wengi pia. Hilo halihitaji kuitwa ubaguzi. Zaidi ya hayo, hii si dawa ya kumeza. Ni kutoboa fuvu la mtu aliye hai, na kuna hatari ya damu kuvuja ndani ya ubongo, hata kama ni ndogo. Huenda mama anayekataa ana busara kuliko baba anayekimbilia. Nisingependa binti amshinikize mzazi kwa jina la usawa.

---

Muuguzi wa Usiku (Göteborg) anajibu:

Ndugu Hesabu Kwanza, hoja yako ni halali, na ndiyo iliyowafanya watafiti wabadilishe namna ya kuhesabu. Kuhesabu waliopasuliwa peke yao hakutoshi. Inabidi uanze na watu ambao tayari wana Parkinson, wanaume kwa wanawake, kisha utazame ni wangapi katika kila kundi waliopata upasuaji. Marekani walifanya hivyo kwa kutumia kumbukumbu za Medicare, ile bima ya serikali inayowahudumia wazee, na matokeo yakatoka mwaka 2014. Waliopasuliwa walikuwa zaidi ya 8,000. Baada ya kuzingatia umri na mambo mengine, uwezekano wa mwanamke mgonjwa kupata upasuaji ulikuwa pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganishwa na wa mwanamume mgonjwa, na uwezekano wa mgonjwa mweusi ulikuwa kama moja ya tano tu ya ule wa mgonjwa mzungu. Watu hao wote walikuwa na bima. Wingi wa wanaume wanaougua hauwezi kulieleza pengo hilo, kwa sababu tayari umeondolewa kwenye hesabu. Na kama mwanamke mweusi amebeba mapengo yote mawili kwa pamoja, unaweza kumkadiria mwenyewe.

Sasa nije kwa dada Kitindamimba. Mimi ni muuguzi katika wodi ya magonjwa ya mfumo wa fahamu hapa Uswidi, na ninachoandika ni kile ninachokiona pamoja na kile nilichosoma.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: hakuna sababu ya kitabibu inayomweka mwanamke kando. Upasuaji huu, ambao mpasuaji wa ubongo Alim-Louis Benabid na wenzake waliuanzisha kwa sura yake ya sasa huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, unafanya kazi kwa kupeleka mapigo madogo ya umeme, mara nyingi kama 130 kwa sekunde, kwenye kiini kidogo kilichojificha ndani kabisa ya ubongo. Kiini hicho hakijui jinsia. Marekani iliuidhinisha kwa mtetemo mwaka 1997 na kwa Parkinson mwaka 2002, na masharti ya kumchagua mgonjwa ni yale yale kwa wote: awe bado anapata nafuu dhahiri anapomeza levodopa, hata kama nafuu hiyo haidumu; asiwe na upungufu mkubwa wa kumbukumbu; asiwe na sonona kali isiyotibiwa; na afya yake kwa jumla iweze kustahimili kisu. Kipimo kikuu ni kumleta asubuhi akiwa hajameza dawa tangu jana yake, kumpima namna anavyosogea, kisha kumpa levodopa na kumpima tena. Nafuu ikifika asilimia 30 au zaidi, anahesabiwa kuwa anaweza kufaidika. Mama yako hajafanyiwa kipimo hicho, kwa hiyo aliyesema haumfai alikuwa anakisia.

Tena, upande wa kitabibu, kuna jambo linaloelekea kinyume na walivyodhani wazee wenu. Wanawake wengi wana uzito mdogo wa mwili, na kipimo cha levodopa mara nyingi hutolewa bila kuzingatia hilo. Matokeo yake ni kwamba ile hali ya kujinyonganyonga huwapata wanawake zaidi. Na hiyo ndiyo mojawapo ya hali ambazo upasuaji huu unazipunguza vizuri. Kama ni haja tu, wanawake wangetakiwa kuwa mstari wa mbele.

Nije swali la pili. Hapana, haya hayakutokea kwenu tu. Mwaka 2014 watafiti wa Umeå, kaskazini mwa nchi hii, walichapisha mahojiano yao na wagonjwa wa kiume na wa kike kuhusu namna walivyofikia uamuzi wa kupasuliwa. Waliona mienendo mitatu: wapo walioshika hatamu wenyewe na kumdai daktari rufaa, wapo waliokubali walipopewa, na wapo waliositasita na kungoja. Kushika hatamu kulionekana zaidi kwa wanaume, na kusitasita kwa wanawake. Kumbuka kwamba hapa tiba hii haimfilisi mtu, wala hakuna kikao cha ukoo.

Ujerumani, huko Cologne, walikwenda mbali zaidi, na utafiti wao wa mwaka 2022 ndio ninaoupenda kuliko yote kwa sababu waliitazama njia nzima kituo kwa kituo: nani anapewa rufaa, nani kati yao anakubaliwa baada ya vipimo, nani anapasuliwa, na nani ananufaika. Ndani ya hospitali hawakukuta wanawake wakichujwa. Mwanamke aliyefika kwenye vipimo alikuwa na nafasi kubwa kidogo ya kukubaliwa kuliko mwanamume. Upungufu ulikuwepo tayari mlangoni: wanawake waliopelekwa kwa rufaa walikuwa wachache kuliko inavyotarajiwa ukizingatia wangapi wanaugua. Na waliopasuliwa walinufaika sawa na wanaume. Ukitaka kujua mama yako amekwama wapi, ni hapo hapo, kati ya nyumba yenu na lango la hospitali kubwa.

Kuna utafiti mwingine wa Miami, wa mwaka 2019, ambao watu hupenda kuutumia kunyamazisha mjadala. Ulionyesha kwamba kati ya waliofika kwenye tathmini na hatimaye wasipasuliwe, sababu ya mgonjwa mwenyewe kutotaka iliandikwa zaidi kwa wanawake. Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini mimi ndiye ninayejaza fomu za namna hiyo usiku, na najua kisanduku cha "hakutaka" kinavyomeza mambo mengi. Kinamhesabu mwanamke ambaye mume wake ni mgonjwa pia na hana wa kumwachia. Kinamhesabu mjane ambaye hana mtu wa kumrudisha nyumbani. Amerika ya Kaskazini na kwingineko walipowatazama wagonjwa zaidi ya 7,000 wa Parkinson, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, walikuta asilimia 88 ya wanaume wana mtu wa kuwatunza, na asilimia 79 ya wanawake. Wanaume wengi walitunzwa na wake zao. Sasa upasuaji huu unadai mtu wa kukusindikiza, na si mara moja, bali kila unaporudi kurekebishiwa umeme. Asiye na msindikizaji atasema hataki, na tutaandika hivyo hivyo.

Kwa hiyo, ndugu Hesabu Kwanza, nakubaliana nawe kwamba mzazi asishinikizwe. Ila kabla ya kuheshimu kukataa kwake, ni lazima kwanza awe ameulizwa swali lenyewe. Mama huyu aliulizwa kwenye kikao, mbele ya mashemeji, bila kuelezwa hatari ni kiasi gani wala nafuu ni kiasi gani, naye akajibu kwa swali kuhusu wajukuu na kuku. Mimi swali hilo nalisikia kuwa ombi la msaada wa nyumbani. Sioni kukataa ndani yake.

Nidokeze tu kwamba tunazungumzia Parkinson kwa sababu ndiyo iliyoulizwa. Wapo pia wenye distonia ya shingo, ule ugonjwa wa misuli kukaza na kuipinda shingo upande, ambao huwapata wanawake zaidi, na kwa baadhi yao upasuaji huu huu hutumika.

---

Nyaya Mbili (Leicester) anajibu:

Nimekuwa nikiusoma mjadala huu kimya kwa siku tatu. Mimi ni mwanamke wa Unguja ninayeishi Uingereza, nina miaka 58, na nyaya hizo ninazo kichwani. Nitasema yale ambayo hayamo kwenye takwimu.

Miaka minne ya mwanzo daktari wa mtaa wangu, ambaye simtaji, alinitibu sonona. Nilikuwa nimepooza uso, sicheki, natembea bila kuzungusha mkono wa kushoto, na mume wangu alikuwa amefariki karibuni, kwa hiyo ilionekana wazi kwa kila mtu kwamba ni huzuni. Ninaamini mwanamume aliyefiwa na mke akaacha kuzungusha mkono angetazamwa mkono. Nilipofika kwa bingwa wa mfumo wa fahamu, alihitaji dakika kumi tu. Baada ya hapo ilipita miaka sita mingine kabla neno upasuaji halijatajwa, na aliyelitaja ni mimi, baada ya kumwona mzee mmoja wa Kigujarati kwenye kikundi chetu cha mazoezi akiwa na kovu kichwani. Daktari wangu alisema, kwa upole kabisa, kwamba hakufikiri ningependa. Nilimwuliza kwa nini alifikiri hivyo, akakosa la kusema.

Mama yako anaitwa mwoga. Mwambie kwamba mimi pia niliogopa, na kwamba kilichonitisha zaidi si kisu. Niliogopa kunyolewa. Nilijua nitaonekana mtu wa ajabu nikisema hivyo mbele ya madaktari wanaozungumzia damu kuvuja ubongoni, kwa hiyo nilinyamaza na kuahirisha kwa mwaka mzima. Siku nilipothubutu kuuliza, niliambiwa kwamba vituo vingine hunyoa kichwa kizima na vingine hunyoa mistari tu pale watakapopasua, na kwamba changu ni cha mistari. Mwaka mmoja wa maisha yangu ulipotea kwa swali ambalo jibu lake lilichukua nusu dakika. Sijui mama yako anaogopa nini hasa, lakini ningekuwa wewe ningeketi naye peke yetu, si mbele ya kikao, nikamwuliza taratibu, wala nisicheke jibu lolote.

Upasuaji wenyewe: nilifungiwa fremu ya chuma kichwani kwa ganzi, nikapigwa picha, kisha nikawekwa macho huku wakiingiza nyaya, kwa sababu walihitaji kuniona nikisogea. Sauti ya kutoboa fuvu ni mbaya, sitadanganya, ingawa haiumi. Walinitaka nitaje siku za wiki, nikunje na kukunjua ngumi, niguse vidole kimoja kimoja. Ghafla mkono uliokuwa mzito kwa miaka kumi ukawa mwepesi, nikaanza kulia, na daktari akadhani nina maumivu. Vituo vingine siku hizi humlaza mgonjwa kabisa, kwa hiyo anayeogopa hilo anaweza kuuliza. Betri niliwekewa baada ya siku kadhaa, nikiwa nimelala.

Yaliyofuata ndiyo watu wasiyoyasimulia. Umeme haukukaa sawa siku ya kwanza. Nilirudi mara kwa mara kwa karibu miezi sita, wakipandisha na kushusha, huku dawa zikipunguzwa polepole. Kila safari ilidai mtu wa kunipeleka, na kama si binti wa jirani yangu nisingefika. Sauti yangu imekuwa ndogo kuliko zamani, na nimenenepa kilo kadhaa, mambo ambayo yanajulikana kuwapata waliopasuliwa na ambayo niliambiwa mapema. Ugonjwa haujaondoka, mizani ya kutembea bado inanisumbua. Lakini kila mchana nilikuwa nikiganda kwa jumla ya muda wa saa tano au sita, na sasa muda huo haufiki saa moja. Naingia jikoni, nakuna nazi mwenyewe.

Kwa kuwa nyinyi mtasafiri mbali, jambo moja la kuuliza kabla ya lolote ni aina ya betri. Ile ya kawaida huisha baada ya miaka mitatu hadi mitano, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine, ingawa mdogo. Ile ya kuchajiwa hukaa hata miaka 15, ila inamtaka mtu akae na chaja kifuani mara kwa mara, mimi mara moja kwa wiki. Mwulize baba mkubwa anayo ipi. Kama ana ya kawaida, basi ng'ombe wengine watauzwa tena hivi karibuni, na kikao hakitashangaa. Na uliza pia nani atarekebisha umeme mkisharudi Moshi, kwa sababu nyaya zisizo na mtu wa kuzirekebisha ni hasara tupu.

---

Hesabu Kwanza (Dodoma) anajibu:

Nimesoma, na nakiri kwamba sikujua hesabu ya Medicare ilianzia kwa waliokwisha kuugua. Hoja yangu ya kwanza naiondoa. Ile ya pili, ya kutomshinikiza mzazi, naona muuguzi ameiweka mahali pazuri kuliko nilivyoiweka mimi.

---

Kitindamimba (Moshi) anajibu:

Nawashukuru wote, na naomba radhi kwa kukawia wiki tatu. Nilitaka nirudi nikiwa na la kusema.

Nilianza na ndizi za mtori, kama nilivyoshauriwa. Mama alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema kwamba tangu mwaka juzi anayemenya ni mke wa kaka, na kwamba yeye huketi karibu na meko ili atakayeingia amkute hapo. Hatukuwa tunajua, na tunaishi nyumba moja.

Kisha niliandika kwa siku saba saa za dawa kukata na saa za kujinyonganyonga. Kuna kipimo chepesi ambacho muuguzi wa Göteborg alinitumia baadaye kwa ujumbe, kinachoitwa tano-mbili-moja: mtu anayemeza levodopa mara tano au zaidi kwa siku, au anayekatwa na dawa kwa saa mbili au zaidi, au anayejinyonganyonga kwa saa moja au zaidi kiasi cha kusumbuka, apelekwe kwa bingwa akaangaliwe kama dawa za kumeza peke yake bado zinamtosha. Mama ana yote matatu. Nilimrekodi pia kwa simu, asubuhi kabla ya kidonge cha kwanza na tena baada ya saa moja, na tofauti inaonekana hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu tiba.

Sikuvipeleka kwenye kikao. Tulikwenda mama na mimi, bila kaka, kwa bingwa mwingine wa mfumo wa fahamu, na nilimwomba mapema azungumze na mama moja kwa moja. Alimaliza daftari langu, akatazama video mara mbili, na ameandika barua ya rufaa pamoja na tarehe ya kile kipimo cha levodopa mwezi ujao. Hajaahidi upasuaji. Amesema kwanza apimwe, apigwe picha ya MRI, aangaliwe kumbukumbu, na ndipo mama mwenyewe aseme. Shangazi, dada yake marehemu baba, amejitolea kukaa na wajukuu na kuku kwa muda wowote utakaohitajika, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa amemwuliza. Baba mkubwa naye, nilipomweleza faraghani, alisema atazungumza na wazee, akanionyesha betri yake. Ni ya kawaida, na ina mwaka wa pili sasa.

Limebaki swali moja la mama, ambalo aliniambia usiku tukitoka kwa daktari, na nimeona nilipeleke kwa dada wa Leicester kwa kuwa sikuthubutu kukisia. Anapenda kujifunga khanga begani, na fundo lake hukaa juu ya mtulinga wa kushoto. Anauliza kama betri itaumia, na kama wanaweza kuiweka upande mwingine.

---

Nyaya Mbili (Leicester) anajibu:

Mwambie shikamoo, na kwamba fundo halitaiharibu betri, ila fundo likikaa juu yake kutwa nzima ngozi itasugulika na kuwasha. Mimi hunibana mkanda wa gari. Wanaweza kuiweka kulia, na wengine huwekewa hata tumboni, lakini ni lazima aliseme kabla hawajachora alama, kwa hiyo siku ya kuonana na mpasuaji aende amejifunga hiyo khanga.